Rambirambi kwa Mke wa Patasi

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ameniambia masikio yako sasa hayashiki simu kabisa, kwamba mtu akikupigia unamjibu "na wewe pia" kwa kila jambo. Basi nitakuandikia, nawe unijibu kwa ule mwandiko wako wa kikarani, mzuri mpaka mtu anaona haya kuujibu.

Nimepata kazi! Kaa chini kwanza. Ni kwenye mitambo ya majitaka, katika mji huu huu mlioishi wewe na mkeo kabla hujastaafu. Ndiyo, majitaka yenyewe: kila kinachotoka chooni na jikoni kwa watu laki tatu kinakuja kuniamkia asubuhi. Nilipomwambia Mama, akauliza kama huko hakuna kazi ya ndani ya ofisi. Nikamwambia ipo, lakini uhondo uko nje.

Sikiliza ninachofanya. Tope linalobaki baada ya maji kusafishwa limejaa chakula cha mimea, hasa fosforasi, ile ile ambayo mkulima anaifuata dukani kwenye mifuko. Sisi tunaitupa. Mimi nina tangi moja la bakteria wa aina ya pekee. Wakipata hewa, wanaibugia fosforasi mpaka wanavimba. Ukiwakatia hewa, wanaitapika yote. Basi kazi yangu ni kuwavimbisha, kisha kuwatapisha pale ninapotaka mimi. Yale maji ya matapishi nayatia chumvi ya magnesi, na chini zinashuka chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Hiyo ni mbolea, Mjomba, na hainuki hata kidogo.

Meneja amenipa hadi mwisho wa Juni. Tangi likitoa chembe wiki nne mfululizo, tutajengewa mengine manne, na lile jaa la tope ambalo limeshaikaribia shule ya msingi litafungwa. Likishindwa, mimi narudi kuosha chupa za maabara. Sina wasiwasi. Bakteria wangu ni wachapakazi kunizidi.

Mpwa wako

*

15 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Hongera. Kazi ni kazi, ingawa kwa masomo uliyosoma nilikutazamia kwenye meza. Mimi, kama ujuavyo, nilikuwa karani wa Idara ya Maji kwa miaka ishirini na tisa, upande wa maji safi, ghorofa ya pili, chumba cha mafaili. Huko chini kwenye majitaka sikupata kutia mguu.

Hata hivyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vaa glavu mbili, ya kitambaa ndani na ya mpira nje. Asubuhi usisimame upande wa kushoto wa kisima cha pampu, kwa maana upepo unatokea mtoni na utakuletea yote usoni. Usiingie shimo lolote peke yako, hata ukiwa umeangusha pete ya ndoa. Hewa ya mle ndani haibishi hodi. Kwanza kamba, halafu mtu wa pili wa kuishika, halafu ndipo wewe. Na ngazi ya tangi la tatu, kipandio cha nne kimelegea. Au kilikuwa kimelegea. Karani husikia mengi.

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Sikumweleza sana habari za kazi yako, nimemwambia uko Idara ya Maji. Tuliache hivyo.

Mjomba wako

*

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nilikwenda kukijaribu kipandio cha nne. Kimelegea kweli! Makarani wa enzi zenu mlikuwa na masikio marefu.

Habari zangu si nzuri. Tangi limekufa mara mbili. Siku tatu za kwanza mambo yanakwenda barabara, bakteria wanabugia, wanatapika, chembe zinaanza kushuka, nami natembea kwa mikogo. Ikifika Alhamisi asubuhi nakuta povu la kijivu na maji yamelala kama uji uliopoa. Bakteria wote wameaga dunia. Nimepima hewa, joto na chumvi, vyote viko sawa. Alhamisi zina nini?

Fundi wetu wa mashine, ambaye hapa wanamwita Spana, amenipa tumaini moja. Anasema zamani palikuwa na mnyapara wa mabomba, jina lake la kazini Patasi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya jiwe jeupe linaloota ndani ya mabomba ya tope na kuyaziba. Alikuwa akiligongoa kwa patasi na nyundo kutwa nzima. Mjomba, nimelipima jiwe hilo. Ni kitu kile kile ninachohangaika kukipata mimi kwa bakteria! Na huyu Patasi, wenzake wakilitupa, yeye alilisaga akalimwaga nyuma ya nyumba ya mashine, na mpaka leo majani ya pale hayakatiki yakaisha. Hakuwa na shahada wala maabara, alitazama tu.

Spana anasema mtu huyo alifunua mfuniko wa barabarani, akanusa, akasema, "Leo hospitali wamefua mashuka." Hakukosea. Amestaafu miaka kumi na moja sasa na hapa hakuna anayejua aliko. Wewe ulikuwa chumba cha mafaili. Nitafutie Patasi, tafadhali. Nina hakika huyo ndiye anayejua Alhamisi zina nini.

Mpwa wako

*

11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeuliza. Mtu huyo alikwisha fariki, zamani kidogo. Tuwaache marehemu wapumzike.

Wewe umesoma, tumia vipimo vyako. Mambo ya kunusa mifuniko ni ya watu wasio na elimu.

Mjomba wako

*

26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na ahsante kwa kuuliza, ingawa afadhali usingeuliza.

Niliwapa wenzangu kazini taarifa wakati wa chai. Spana aliweka kikombe chini, akavua kofia, akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mashine anajifuta macho kwa tambara la grisi, uso wote umekuwa mweusi. Ndipo aliponisimulia. Wiki yake ya kwanza kazini, akiwa hajui kitu, aliteremka kisimani kuokota koleo. Hewa chafu ikamwangusha. Patasi alijifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi moja, akashuka, akapanda naye begani. Halafu akamzaba kofi, akamwambia, "Koleo lipo dukani. Wewe hupo dukani."

Wazee wa zamani wamekaa kikao. Wanasema haiwezekani mwenzao azikwe bila wao kusema neno. Spana ameahidi kutafuta anuani ya mjane kwa karani wa wastaafu ili wapeleke rambirambi.

Upande wangu, tangi limekufa kwa mara ya tatu. Alhamisi, bila shaka. Meneja amekuja, amechungulia, amesema, "Binti, bakteria wako wamekataa kazi." Imebaki chupa moja ya mbegu ya bakteria kwenye jokofu. Nikiimwaga hii ikafa, hakuna nyingine, na jaa lile litaendelea kuisogelea shule. Bado nasema inawezekana. Kosa si la bakteria, kuna kitu wanalishwa. Lakini nisipokijua, ile chupa siifungui.

Mpwa wako

*

3 Mei

Mwanangu,

Usiifungue hiyo chupa kabla hujamaliza kusoma.

Mwambie Spana anywe chai yake. Patasi hajafa. Patasi ndiye anayekuandikia.

Nilipomposa mkaza mjomba wako, baba yake aliuliza, "Kijana anafanya kazi gani?" Nikasema, "Idara ya Maji." Akasema, "Ah, karani." Sikumkatalia. Basi, neno moja ambalo sikulikatalia limeniburuta miaka yote hii. Kila asubuhi nilitoka nyumbani na shati jeupe, nikifika kazini nalivua, jioni nalivaa tena baada ya kujisugua mpaka ngozi inawaka. Harufu iliyobaki nilimwambia ni dawa ya kusafishia maji. Masikio haya pia si homa kama nilivyosema. Ni injini ya pampu namba mbili, nililala nayo ubavuni zaidi ya nilivyolala na mke wangu. Mwandiko nao niliujifunzia kwenye daftari la zamu, usiku na mchana, ili siku nikiulizwa nionekane karani kweli.

Sasa tuache kulia, tufanye kazi.

Nyuma ya hospitali kuna karakana inayochovya vitasa na mabomba kwenye maji ya shaba ili yang'ae. Jumatano jioni wanafanya usafi, na mapipa yao ya maji machafu wanayamimina kwenye mfereji. Mteremko wa barabara ile ni mbaya, maji yanajikokota, yanawafikia alfajiri ya Alhamisi. Nilipigana nao mwaka hadi mwaka. Wakinyamaza ujue nipo, na sasa sipo. Shaba ni sumu kwa viumbe wadogo. Sikuwajua kwa jina la bakteria, lakini nilijua kwamba tope likipata maji yale linakufa, linakuwa la kijivu.

Usiende kugombana bila ushahidi. Chukua msumari mpya wa chuma, usugue kwa msasa, ufunge uzi. Jumatano saa kumi na moja jioni, ufunue mfuniko wa tatu kutoka lango la karakana, uteremshe, usubiri nusu saa. Ukitoka umevaa koti jekundu la shaba, umewakamata. Halafu jaribu mfuniko wa upande wa juu, kabla maji hayajafika karakana. Huko utatoka kama ulivyoingia.

Hao wadudu wako ninawaamini. Jiwe lile nililigongoa miaka, najua kulitengeneza si kazi inayowashinda.

Nakuomba moja tu. Mkaza mjomba wako asijue. Amezeeka na mume karani, asiamke leo na mtu mwingine.

Mjomba wako

*

14 Mei

Mjomba! Patasi! Sijui nianze na lipi,

Shikamoo mara mbili, moja ya mjomba na moja ya mnyapara.

Msumari ulitoka mwekundu kama jogoo. Wa juu ya karakana ukatoka mweupe. Nilikwenda na bwana afya wa mji, na mwenye karakana akaapa mbingu na ardhi kwamba hajawahi kumwaga hata kikombe. Nikaiweka misumari miwili mezani, mbele ya kalamu yake. Akaitazama. Akasema, "Nani amewafundisha hii?" Nikamjibu, "Patasi." Mjomba, mtu yule alikaa chini. Kisha akauliza taratibu, "Kumbe bado yupo?" Sasa mapipa yake yanafungwa na kuchukuliwa na lori. Hata hivyo Spana anafunga vali ya tangi langu kila Jumatano mpaka tumwamini.

Chupa ya mwisho niliifungua Ijumaa. Imepita Alhamisi na bakteria wapo hai, wanabugia kama wamealikwa.

Spana nilipomwambia u hai alinikumbatia mbele ya Meneja, na ovaroli yake ikiwa imelowa tope. Halafu uso ukambadilika. Rambirambi zimeshaondoka. Anuani aliipata kwa karani wa wastaafu, wakaandika wenyewe, wakatia sahihi watu tisa, wakaituma wiki iliyopita. Juu ya bahasha wameandika "Kwa Mke wa Marehemu."

Mjomba, kimbilia posta.

Mpwa wako

*

16 Mei

Mpwa,

Sijambo. Mimi ni mkaza mjomba wako, na naandika kwa sababu nimefiwa.

Nilipokea barua ya msiba Jumamosi. Marehemu alikuwa uani, anatoa viwavi kwenye kabichi. Mara nyingi posta anakwenda yeye, siku hiyo nilikwenda mimi. Nikasoma kwa kusimama, kisha nikasoma kwa kukaa. Watu tisa wananipa pole kwa kuondokewa na mume shujaa. Wanasema alimpandisha mtu begani kutoka shimo la sumu. Wanasema mvua kubwa ya mwaka ule, mji ulipotaka kufurika uchafu, alikaa na pampu siku mbili bila kula. Mimi siku hizo mbili niliambiwa alikuwa anahesabu mafaili. Nikawaza, mume huyu aliyekufa ni wa maana sana. Laiti ningeolewa naye.

Nikamfuata kabichini nikampa barua. Akaisoma. Akakaa chini pale pale kwenye matuta.

Nikamwandikia kwenye kile kibao chetu cha kuzungumzia, "Wewe ni nani?" Akaandika, "Patasi." Akafuta, akaandika, "Samahani." Akafuta. Nikamnyang'anya chaki.

Nisikilize, mwanangu, maana yeye hanielewi. Uchafu haunitishi. Nimelea watoto watatu, nimeuguza baba yangu mpaka mwisho, hakuna cha binadamu nisichokishika. Kinachoniuma ni kwamba kila Jumapili kwa miaka ishirini na tisa nilinyoosha mashati matano ya karani ambaye hakuwepo. Na wewe ulijua tangu lini?

Hao watu tisa nimewajibu mwenyewe. Nimewaambia ahsanteni, marehemu anakula vizuri. Nimewaambia pia nitakuja. Nataka nipaone.

Mkaza mjomba wako

*

9 Juni

Mkaza mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nilijua tarehe sita Mei, barua yake ilipofika, na nilikuficha. Nisamehe. Aliniomba, nami nikaona aibu yake ni kubwa kuliko haki yako. Nilipima vibaya, mimi ambaye kazi yangu ni kupima.

Njooni tarehe thelathini. Tangi linatoa chembe wiki ya tatu sasa, ndoo na nusu kwa siku, na siku hiyo Meneja anawaleta wakubwa wa mji waone. Spana atawapokea kituo cha basi. Amenunua kofia mpya.

Mwambie Mjomba asivae shati jeupe. Au wewe amua avae nini.

Mpwa wenu

*

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mmefika salama?

Meneja amethibitisha leo kwa maandishi. Matangi manne, na jaa linafungwa kuanzia Septemba. Wakubwa wa mji walisema maneno mengi, lakini mimi nilikuwa nakutazama wewe umeshika zile chembe kiganjani, unazisugua kwa kidole gumba. "Laini," ulisema, kwa sauti iliyofika mpaka langoni. "Zangu zilikuwa zinakata mikono."

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo hukulisikia. Ulipokuwa na Meneja, mkeo alimwambia Spana, "Nionyeshe alipokuwa akiogea." Tukampeleka kwenye lile bafu la nyuma ya mashine. Ni chumba kidogo, sakafu ya saruji, bomba moja, na msumari ukutani. Spana akamwambia, "Shati lake alilitundika hapo." Alisimama mbele ya ule msumari, mkoba mkononi, mpaka tukadhani anaumwa. Kisha akasema, "Kumbe ni hapa. Kila jioni alimwacha mume wangu hapa, akaniletea yule mwingine."

Akaugusa ukuta. Halafu akamgeukia Spana, akasema, "Mwambieni kuanzia sasa aje nyumbani na yule wa hapa."

Nilimuuliza kama nikuambie. Akasema, "Mwandikie. Mimi chaki imeniisha."

Meneja anataka uje wiki moja kila mwezi uwafundishe vijana mifuniko na mabomba. Nimemjibu lazima nikuulize. Uongo. Nimemjibu utakuja.

Mpwa wako

*

23 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimerudi salama baada ya ile wiki ya kwanza. Vijana wako ni wasikivu, ila yule mrefu anajifanya ananusa na kumbe amebana pumzi. Mwangalie.

Barua yako ya tarehe mbili niliisoma mara nyingi. Niliuweka mkono wangu juu ya ule wa mke wangu pale mezani, naye hakuutoa. Kisha akainuka akachemsha chai, akanipa kikombe changu bila kuniuliza.

Sikukusimulia asubuhi niliyoondoka kuja huko. Mke wangu aliniwekea begi mlangoni, na juu ya begi ameweka ovaroli, ameinyoosha kwa pasi mpaka ina mistari. Ovaroli, mwanangu! Nikaivaa. Nikatoka kwa mlango wa mbele.

Jirani yetu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima zake ambaye miaka kumi na moja ananiita "Karani", alikuwa anamwagilia maua. Akanitazama kutoka kofia mpaka buti. Nikaona midomo yake inauliza naenda wapi. Nilikuwa na safari moja ya kutoka barazani hadi kituo cha basi, na ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Kazini. Mitambo ya majitaka. Mimi ni fundi wa mabomba ya tope."

Hakucheka. Aliweka ndoo chini, akavuka barabara upesi upesi, akanishika mkono, akachukua kijiti akaniandikia mchangani: "Choo changu kinarudisha maji tangu Pasaka. Nilikuwa naona haya kumwambia mtu."

Basi nikamweleza. Bomba lake lina kona mbili pasipohitajika kona. Unajua mimi sauti yangu siisikii, kwa hiyo nilimweleza kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, kuhusu choo chake, na mteremko, na nini kinakwama wapi na kwa nini. Madirisha yakafunguka mtaa mzima. Watu wawili wakatoka na maswali yao. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, na nilipogeuka kumuaga nilimwona anacheka huku amejiziba mdomo kwa kanga.

Basi la kwanza likaniacha. Nikapanda la pili.

Mjomba wako,
Patasi